Halijawahi Kulala Njiani

Baba yangu alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na moja, na mtaani kwetu watu wanamwita Gramu. Mbele yake ni Mzee, akishapita kona ni Gramu. Yeye anajua, na nadhani anapenda, kwa sababu siku moja kinyozi alikosea akamwita Bwana Kilo na Baba akamsahihisha.

Sasa mtu kama huyo akitaka kununua gari lililotumika, usitegemee atapiga teke tairi na kusema haya, nimelipenda. Baba alitengeneza fomu. Maswali arobaini, kila swali na alama zake, jumla mia. Mimi ndiye niliyeichapa, maana tangu nimalize shule miezi minane iliyopita nafanya kila kazi isiyo na mwenyewe pale nyumbani. Nachapa fomu, nabadilisha mtungi wa gesi, nafukuza paka kwenye unga. Kitu pekee cha maana nilichopata katika miezi hiyo ni leseni ya udereva, na leseni bila gari ni sawa na kumiliki mswaki huna meno.

Gari lenyewe lingekuwa la familia, viti saba, Bibi apelekwe kliniki na wadogo zangu wapelekwe wanakopelekwa. Lakini aliyelihitaji hasa ni Mama. Mama anaoka mikate. Ana oveni mbili uani, na kila siku ya masomo anapeleka mikate mia na ishirini kwenye shule ya bweni upande wa pili wa mji. Mikate inatakiwa iwe jikoni kwao saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu saa moja kamili wasichana mia tatu wanakaa mezani. Jamaa mwenye pikapu aliyekuwa anambebea alichelewa mara mbili, na mara zote mikate ilifika chai imeshanywewa. Mara ya pili matroni wa shule alizungumza na Mama kwa upole, na huo upole ndio uliomtisha Mama. Alimwambia ikitokea mara ya tatu asijisumbue kushusha, kuna kampuni kubwa ya mikate imeshaomba nafasi hiyo.

Basi Mama alisema neno moja tu kuhusu gari. "Mimi sitaki gari zuri. Nataka gari linaloamka."

Baba akaandika "kuamka" pembeni ya karatasi, akalitazama, akalifuta. Akasema neno hilo si la kiufundi. Badala yake akaweka swali la kumi na saba: Je, gari limewahi kulala njiani? Alama kumi, nyingi kuliko swali lolote.

Kwamba liwe la dizeli, hilo lilishaamuliwa. Linakula kidogo, linabeba mzigo, injini inadumu. Fundi wetu, ambaye tunamwita Nati kwa sababu kila ukimwona ana nati moja mdomoni kama pipi, alikubali, ila akatoa angalizo. Alisema dizeli ni kama mzee: akishaamka anapiga kazi kutwa, shida ni kumwamsha. Baba akamwambia Nati kwamba hayo yote yamo kwenye fomu. Hayakuwemo. Mimi ndiye niliyeichapa.

Gari la kwanza lilikuwa la mama mmoja muuza vitunguu wa soko la jumla. Alikuwa analiuza kwa sababu biashara imekua na amepata lori. Baba alimpigia simu kuomba miadi siku tatu kabla, saa nne asubuhi, kama kawaida yake. Yule mama akamwambia saa kumi na moja alfajiri atamkuta, baada ya hapo amtafute barabarani. Baba hakupenda, lakini tulikwenda, mimi, yeye na Nati.

Mji wetu uko mwinukoni, alfajiri inauma mpaka kwenye masikio. Gari tulilikuta limefunikwa na umande, unaweza kuandika barua kwenye kioo. Mama Vitunguu akapanda na ndala zake, akasubiri kitaa cha manjano cha kupasha injini kizimike, akazungusha ufunguo mara moja. Gari likakohoa wingu la moshi mweusi lililomfika Baba usoni, likatetemeka, likakaa sawa.

"Lina kelele kama mume wangu," akasema. "Tofauti yao, hili likiitwa asubuhi linaamka."

Nati alicheka mpaka nati ikataka kumwingia kooni. Baba alikuwa anafuta miwani. Yule mama akaanza kutaja kasoro moja baada ya nyingine, bila kuulizwa: linavuja oili kidogo, mlango wa nyuma unafungwa kwa mpira, gia ya pili lazima uibembeleze, feni haifanyi kazi. Harufu hakuitaja, nadhani pua yake ilishaizoea. Kukaa ndani ya gari lile ilikuwa kama kukaa ndani ya kitunguu. Tulipofika swali la kumi na saba akajibu bila kufikiri kwamba limelala njiani mara mbili. Mara moja mkanda ulikatika, mara ya pili alisahau kuweka mafuta.

Sifuri kwa kumi. Moshi, mbili kwa tano. Harufu haikuwa na nafasi yake kwenye fomu, Baba akaikatia alama chini ya "mengineyo". Jumla hamsini na nne.

Mimi nilifurahi, nisiseme uongo. Nilishajiona kwenye usukani wa gari lile nikiwapita wenzangu niliomaliza nao, mlango wa nyuma umefungwa kwa mpira, na sikupenda nilichokiona.

Gari la pili lilikuwa la daktari wa meno. Hapo miadi ilipangwa inavyotakiwa, Jumamosi saa nne, taarifa siku tatu kabla. Umri ni ule ule wa gari la vitunguu, lakini ungedhani limezaliwa jana. Rangi ya kijani iliyoiva, viti vina vitambaa, redio inaimba. Daktari alituletea maji baridi kwenye trei, na aliongea nasi kama tumelala kwenye kile kiti chake.

"Sasa nafungua boneti," akasema. "Taratibu tu."

Injini iliwaka kabla ufunguo haujamaliza kugeuka. Haikuwa na moshi wala mtikisiko. Nati hakuinama kutazama ndani. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale muda mrefu, kama mama anayepima homa ya mtoto.

"Daktari, umetoka nalo asubuhi hii?"

Daktari akasema hapana, aliliwasha kidogo tu asije akatupotezea muda. Kwa adabu ile ungeona aibu kuuliza tena.

Tukafika swali la kumi na saba. Daktari aliweka mkono kifuani. "Mzee wangu, miaka sita niliyokaa na gari hili, halijawahi kunilaza njiani. Hata siku moja."

Mke wake alikuwa amesimama barazani. Alikohoa, akaingia ndani. Mimi nilidhani ana mafua.

Kumi kwa kumi. Jumla tisini na moja. Baba alikunja fomu kwa uangalifu, na mimi nilikuwa nimeshachagua stesheni ya redio.

Njiani kurudi Nati hakutulia. Alimwambia Baba kwamba boneti ilikuwa ya moto. Baba akamjibu kwamba injini ikiwaka inapata moto, hiyo ni fizikia. Nati akasema dizeli iliyochoka, ukishaipasha, inawaka kama mpya. Ukitaka ikuambie ukweli, ikute imelala usiku kucha na baridi. Akashauri turudi kesho yake alfajiri, kabla Daktari hajaamka, bila kumwambia.

Baba alisimama katikati ya barabara. Akamweleza Nati, kama anayemweleza mtoto, kwamba ukaguzi ni tofauti na uvamizi. Unampa mtu taarifa siku tatu kabla, unafika saa uliyosema, unamkuta amejiandaa, unampima kwa haki. Miaka thelathini na moja hajawahi kumvamia mwenye duka bila taarifa.

"Na mizani ulizikuta vipi, Mzee, miaka yote hiyo?" Nati akauliza.

"Sahihi. Zote. Tulipewa cheti."

Nati akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Hapa inabidi nieleze kuhusu sukari. Cheti kile kipo sebuleni kwetu, juu ya mawe ya shaba ya Baba ya kupimia yaliyopangwa kuanzia mkubwa mpaka mdogo. Wilaya yenye mizani sahihi kuliko zote, kimeandikwa, na kina muhuri. Nilipokuwa mdogo, mara nne kwa mwaka Mama alinishtua mapema na kuniambia: "Leo baba yako anakagua, kimbia ukanunue sukari." Nakimbia, nanunua kilo mbili, tatu, kadiri ya uwezo, kwa sababu siku hiyo kilo ilikuwa kilo. Dukani nawakuta watoto wa mtaa mzima kwenye foleni na mifuko yao. Mizani nyingine, ile ya siku za kawaida, iko chini ya meza, imefunikwa gunia. Kila mtu alijua. Mwenye duka alijua kwamba tunajua. Gramu peke yake ndiye asiyejua, na hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia, kwa sababu alikuwa anarudi jioni na furaha sana.

Tulipofika nyumbani Baba akamsomea Mama alama zote za gari la Daktari, swali kwa swali. Mama alikuwa anapaka mafuta makopo ya mikate. Akasikiliza mpaka mwisho, akamwuliza Nati, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, yeye anasemaje. Nati akasema yeye ni fundi tu, ila boneti ilikuwa ya moto.

Mama akaweka kopo chini. "Baba watoto, na mimi nataka kuliona. Alfajiri, saa ninayopakia mikate. Mkate haupakiwi saa nne."

Baba akasema hiyo ni hoja ya kiufundi kabisa. Nikaona uso wa Nati umechanua. Kisha Baba akachukua simu, akampigia Daktari pale pale, akampa taarifa kwamba kesho Jumapili, saa kumi na mbili kamili alfajiri, tutakuja kuliona likiwa baridi. Akaomba radhi kwamba taarifa ni fupi, haikutimia siku tatu. Daktari akasema karibuni sana. Nati akafumba macho, akatoa nati mdomoni, akaitia mfukoni, akaenda zake.

Baba alipoingia kuoga Mama akaniambia bila kuacha kupaka mafuta: "Miadi ya baba yako ni saa kumi na mbili. Mimi na wewe tutatangulia. Sisi si wakaguzi."

Saa kumi na moja na robo mimi na Mama tulikuwa tumekaa kwenye benchi la kibanda kilichofungwa, ng'ambo ya nyumba ya Daktari. Geti lake ni la nondo, unaona mpaka barazani. Mama alikuwa amejifunika khanga mbili. Niliuliza itakuwaje Daktari akiwa mkweli. Akasema basi nitaendesha gari lenye redio.

Taa ya baraza ikawaka. Daktari akatoka na pajama na soksi, mkononi ana tochi. Nyuma yake mke wake na birika linalofuka mvuke, nyuma ya mke wake mtoto wa kike anavuta waya mrefu wa umeme kutoka dirishani. Kila mmoja alikwenda kwenye nafasi yake kama wachezaji wanaojua namba zao. Daktari akapanda, akazungusha ufunguo. Nyigi, nyigi, nyigi, nyigi. Kimya. Akafungua boneti. Mke akamimina maji ya moto juu ya injini mahali fulani, akarudi nyuma hatua mbili, akapokea kutoka kwa mtoto mashine ya kukaushia nywele. Akaichomeka. Akaanza kupuliza hewa ya moto kwenye bomba linaloingiza pumzi ya injini, huku mkono mmoja umeshika kiuno.

Nilikuwa nimeshawahi kusikia mtu akiambiwa anauma na kupuliza. Sikujua kuna watu wanafanya hivyo kwa umeme.

Nyigi, nyigi, nyigi. Mke anapuliza. Nyigi, nyigi. Likatoa moshi mweupe, likafa. Mke akapuliza tena. Nikahesabu mara saba. Ndipo Mama akanishika mkono, akanielekeza kwa kidevu.

Kwenye kona ya ukuta upande wetu wa barabara, chini ya nguzo ya umeme, alikuwa amesimama Baba. Koti, tai, faili kwapani.

Mama akaninong'oneza kwamba ndivyo Baba alivyofanya kazi maisha yake yote. Anafika nusu saa kabla, anasimama mahali na kusubiri dakika yake, ila huwa anageuza mgongo, kwa heshima, asije akamwona mtu bado anajiandaa.

"Huwa anageuza?" nikauliza.

"Huwa anageuza."

Leo hakuwa amegeuza. Labda alikuwa amegeuza, kisha ile nyigi nyigi ikamgeuza. Alikuwa anatazama geti lile wazi wazi, kichwa kimeinama upande kidogo, kama anasoma mshale wa mizani.

Mara ya tisa injini ikakubali. Moshi ukajaa uani, ukapanda mpaka juu ya paa. Daktari akaiacha ingurume robo saa nzima, akaizima, akafunga boneti, akaifuta kwa taulo. Mtoto akavuta waya ndani. Daktari akaingia, akatoka na shati na tai. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Saa kumi na mbili kamili Baba akavuka barabara. Mimi na Mama tukavuka upande wetu, tukakutana naye getini kama ndio kwanza tunafika. Hakutuuliza kitu. Alimsalimia Daktari, akamsalimia mke wake, akafungua faili. Hakuanza na swali la kwanza. Alikwenda moja kwa moja la kumi na saba.

"Daktari, gari limewahi kulala njiani?"

"Mzee wangu, nilishakuambia. Halijawahi."

Baba akaandika. Akainua macho. "Na nyumbani?"

Daktari akafungua mdomo, na mdomo ukabaki hivyo, wazi, kama wa wagonjwa wake. Mke ndiye aliyejibu. Mfukoni mwa gauni lake waya wa ile mashine ulikuwa unaning'inia.

"Nyumbani linalala, Mzee. Linalala kuliko sisi."

"Lakini sikudanganya," Daktari akasema taratibu.

"Hukudanganya," Baba akamwambia. "Swali langu ndilo lililokuwa na kasoro." Akawashukuru kwa muda wao, akafunga faili, tukaondoka.

Tukatembea mpaka njia panda, Baba mbele. Pale akasimama, akamwambia Mama kwamba yule mama wa vitunguu hakukubali miadi ya saa nne. Mama akasema ndiyo. Baba akasema gari lile lilikuwa na umande. Mama akasema ndiyo. Baba akasema, basi. Tukapinda kuelekea soko la jumla, na Nati tukampitia kitandani.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya gari la vitunguu kubeba mikate. Mikate mia na ishirini nyuma, Mama katikati ya trei anazishikilia, Baba kushoto kwangu na saa yake mkononi. Umande umejaa kioo. Nikasubiri kitaa cha manjano kizimike, nikazungusha. Likakohoa, likatetemeka, likakaa sawa. Niliwapita wenzangu wawili pale kituoni, mmoja akaniita kwa jina la mboga, na sikujali kama nilivyodhani ningejali, maana nilikuwa naibembeleza gia ya pili.

Tulipovuka daraja Baba akazungumza bila kunitazama.

"Ile sukari uliyokuwa unatumwa utotoni, foleni mpaka nje. Ilikuwa siku gani?"

Nikatazama kwenye kioo cha ndani. Mama alikuwa anatazama mikate.

"Siku za ukaguzi, Baba."

"Na mlijuaje siku?"

"Ulikuwa unatuambia mwenyewe, jana yake, wakati wa chakula."

Barabara ile ina matuta matano kabla ya shule, na alinyamaza matuta matatu. Nilidhani nimemvunja.

"Ilizidi kwa kiasi gani?" akauliza.

"Nini?"

"Kilo. Siku ya ukaguzi na siku nyingine. Tofauti yake."

"Sijui, Baba. Vijiko sita, saba."

"Vijiko si kipimo," akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kurudi. "Nataka kwa gramu."

Tulifika saa kumi na mbili na dakika kumi na tisa. Matroni alikuwa mlangoni mwa jiko, mikono nyuma, anatungojea kama anayengojea mara ya tatu. Akatazama saa ya ukutani, akatazama gari, akatazama ule mpira kwenye mlango wa nyuma. Akachukua mkate mmoja juu ya trei, akaukandamiza, akaunusa. Akaunusa tena.

"Mama," akasema, "mikate ya leo ina vitunguu?"

Mama akafungua mdomo. Baba akawahi kushuka, akaweka tai sawa.

"Imefika saa ngapi?" akamwuliza.

Matroni akatazama saa ya ukutani tena, akageuka kwa wapishi wake, akawaambia washushe.